Kamera Dhidi ya Wauza Wasichana
Filamu ya makala "The Selling of Innocents", ya mwaka 1996, ilifuata njia ya wasichana waliotolewa vijijini Nepal na kuuzwa katika madanguro ya Mumbai, India. Mwandishi wa habari Ruchira Gupta aliwaacha wanawake wenyewe waseme, na maneno yao yakaanika wote wanaonufaika: dalali wa kijijini, msafirishaji, mwenye danguro, mteja. Mwaka 1997 filamu ilipata tuzo ya Emmy. Lakini tuzo haimtoi mtu danguroni. Ndiyo maana mwaka 2002 Gupta na wanawake waliozungumza katika filamu hiyo walianzisha shirika la Apne Aap, linalosomesha mabinti wa madanguroni na kudai sheria iwaadhibu walanguzi na wanunuzi, si wanawake waliouzwa.