Kibubu cha Mtoto

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na waalimu katika siku za Yubile ya Dayosisi



Siku hizi za Yubile tumesikia habari nyingi za miaka iliyopita: habari za makanisa ya kwanza yaliyojengwa kwa miti na makuti, na za waalimu waliokwenda kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji. Habari hizo ni njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini sisi tumepewa neno dogo la kusema, nalo ni habari ya sarafu iliyomo mkononi mwa mtoto.

Huenda mtu akauliza moyoni mwake, Je, sikukuu kama hii ni siku ya kunena habari za shilingi? Twajibu, Naam, ndiyo siku yake khasa. Maana yubile ya kale, ile iliyoagizwa katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, ilikuwa habari ya mali na ya watu waliolemewa. Iliamriwa kwamba katika mwaka wa 50 baragumu ipigwe, shamba lililouzwa kwa sababu ya umaskini limrudie mwenyewe, na mtu aliyejiuza kwa ufukara arudi kwa jamaa zake. Basi, asiyetaka kusikia habari za fedha siku ya yubile, hajaijua yubile ni nini.

Tena twakumbuka habari ya yule mjane katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4. Mumewe alikufa akaacha deni, na mwenye kumwia alikuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Wengi wetu twajua jinsi Elisha alivyomsaidia, na jinsi mafuta yalivyojaa katika vyombo. Lakini ni wachache waangaliao jambo moja: ni wale wana wenyewe waliomletea mama yao vyombo, naye akamimina. Mama hakuwaficha jambo la nyumba yao. Aliufunga mlango, nao wakawa pamoja naye katika kazi ya kulipa. Watoto ambao wangaliuzwa kwa deni walijifunza kwa mikono yao jinsi deni linavyolipwa.

Sasa tutazame nyumba zetu. Mtoto wetu hujifunza wapi habari za fedha? Tukisema kweli, wengi hujifunza kwa kusikia ugomvi wa baba na mama usiku. Wengine hujifunza barabarani. Shuleni hufundishwa kujumlisha na kutoa, nayo ni elimu njema, lakini mtu aweza kujua hesabu zote na bado akawa mtumwa wa madeni. Tabia hutangulia hesabu.

Hatutaki kuwalaumu wengine kabla ya kujilaumu wenyewe. Nyumbani mwetu palitokea jambo hili. Mtoto wetu alipokuwa na umri wa miaka 7, babu yake alimpa shilingi 5,000 siku ya Noeli. Tukamwambia kama wazazi wote wasemavyo, "Lete, mwanetu, tukutunzie." Akazileta kwa furaha. Mwezi wa Januari unga ulikwisha, nasi tukazitumia. Hatukumwambia, wala hatukukumbuka kuzirudisha. Yeye aliuliza mara mbili, kisha akanyamaza, nasi tukadhani amesahau.

Noeli ya pili babu yake akampa tena. Kabla hatujanyosha mkono, mtoto alikwisha kwenda dukani. Alinunua pipi, biskuti na soda, akala yeye na wenzake mpaka zikaisha zote kabla ya adhuhuri. Tukamwita, tukamkaripia kwa kutapanya mali. Naye akatujibu kwa upole, "Baba, iliyo tumboni haitunzwi na mtu."

Ndugu, neno lile lilituchoma. Tulikuwa tumemfundisha somo, naye alikuwa amelishika vema kuliko tulivyotaka. Tulimfundisha ya kwamba kiwekwacho hupotea, na ya kwamba mwenye akili hula leo. Kesho yake tulitafuta shilingi 5,000, tukazibadili ziwe sarafu 10 za shilingi 500, tukamwekea mezani, tukamwomba radhi. Hakucheka wala hakushukuru. Alizihesabu mara mbili, akaenda zake. Ilipita karibu mwaka mzima kabla hajakubali kuiacha sarafu moja ilale usiku katika kibubu.

Jambo hili si la nyumba yetu peke yake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rochester, nchi ya Marekani, walilijaribu, na habari yao ilichapishwa mwaka 2013. Walichukua watoto 28 wenye umri wa miaka 3 hata 5. Kila mtoto aliahidiwa kuletewa vifaa vizuri vya kuchorea. Nusu yao waliletewa kama walivyoahidiwa. Nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu, akasema havipo. Baadaye kila mtoto aliwekewa kitamu kimoja, akaambiwa kwamba akingoja ataongezewa cha pili. Wale waliotimiziwa ahadi walingoja kadiri ya dakika 12. Wale waliovunjiwa ahadi walingoja kadiri ya dakika 3 tu. Basi twaona ya kwamba mtoto asiyengoja huenda si mlafi. Huenda amepima neno letu, akaliona jepesi.

Wala mtu asiseme kwamba saburi ni mali ya watu wa Ulaya. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2018, uliwalinganisha watoto wa miaka 4 wa Ujerumani na wa Nso, watu wa nchi ya Kameruni ambao ni wakulima wadogo kama sisi. Watoto wa Nso karibu 7 kati ya kila 10 waliweza kungoja, na wa Ujerumani kama 3 tu kati ya kila 10. Waafrika wanayo saburi. Kazi yetu ni kutoiharibu.

Basi tufanye nini? Twanena kwanza habari ya zawadi, kisha habari ya mchezo.

Katika zawadi, la kwanza ni hili: zawadi ya mtoto iwe yake kweli. Mara nyingi twampa mtoto kifaranga, twamwambia, "Huyu ni wako, mtunze." Mtoto humpa maji, humfukuzia mwewe, humfungia usiku. Kuku akikua na mgeni akija, twamchinja bila kumwuliza mwenyewe. Kifaranga kilikuwa cha mtoto, na kuku amekuwa wa baba! Mkitaka kumchinja, mwulizeni mwenyewe, mkampe badala yake. Kuku ni mwalimu mzuri wa akiba: mayai yakiliwa yote hapana vifaranga, na yakiachwa machache, banda hujaa.

La pili, mtoto apewe nafasi ya kugawanya. Tafuteni vyombo vitatu: kibubu cha ubao au kopo lenye tundu, na vikopo viwili vya wazi. Sarafu ya kutumia iende katika kikopo cha kwanza, ya kumtolea Mungu na maskini katika cha pili, na ya kuweka katika kibubu. Msimpangie yote. Mtoto wa miaka 6 akipata sarafu 5 za shilingi 100, mwacheni achague ngapi ziende wapi, kisha mwulizeni sababu. Akikosea, akanunua mchezo uliovunjika siku ile ile, msimnunulie mwingine. Hasara ya shilingi 200 katika utoto ni ada ndogo kuliko hasara ya shamba katika utu uzima.

La tatu, kibubu kiwe na siku yake. Kiwekeni kwa ajili ya jambo ambalo mtoto aweza kuliona kwa macho: daftari na kalamu za muhula mpya, au mpira, au viatu. Kwa mtoto mdogo siku hiyo isiwe mbali sana, maana mwaka kwake ni kama milele. Siku ikifika, kivunjwe mbele ya wote, naye mwenyewe ahesabu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mtoto hasadiki mpaka amekiona kibaba kimejaa.

La nne, msimlipe mtoto kwa kila kazi. Kuteka maji, kufagia uwanja na kumpelekea bibi chakula ni kazi za upendo, na anayelipwa kwa upendo mwisho huuza upendo wake. Mpeni fedha kwa kazi iliyo nje ya desturi, tena kwa mapatano yaliyonenwa mapema na kutimizwa siku ile ile.

Sasa habari ya mchezo. Mungu amewapa watoto mchezo uwe shule yao ya kwanza. Tazameni wanapocheza duka chini ya mwembe: vifuu ni vibaba, mchanga ni mchele, majani ni noti. Mtu mzima akipita na akasimama kununua, mchezo huwa somo. Mwambieni mwenye duka apime kwa haki. Kumbusheni ya kwamba vibaba 4 ni pishi moja. Ombeni chenji, mwone kama atairudisha sawasawa. Mtoto aliyezoea kutopunja mchanga hatapunja mchele.

Tena tunao mchezo wetu wa bao. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana kete 32. Kwanza huweka 10 tu ubaoni, yaani 6 katika nyumba na 2 katika kila shimo la mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zilizobaki hukaa ghalani, naye huzitia moja moja kila zamu yake. Wazee huijua hekima yake: mchezaji hamwagi kete zote kwa siku moja, na nyumba iliyojaa haichezwi ovyo. Mtoto akifundishwa bao na babu yake hujifunza kutazama mbele bila kuhubiriwa.

Watoto wakubwa kidogo wafundisheni mchezo wa upatu kwa kete au mawe. Watano wakae duara. Kila zamu kila mmoja atoe kete moja, na mmoja apokee tano. Aliyepokea kwanza atajaribiwa kuondoka. Hapo waulizeni, Je, akiondoka, wa mwisho atapata nini? Wataona wenyewe ya kwamba fedha husimama juu ya uaminifu.

Lakini kuna mchezo mwingine unaowanyemelea. Katika miji na hata katika vijiji zimewekwa mashine za kamari zinazomeza sarafu. Wengi huziita dubwi. Tumewaona watoto wenye sare za shule wamesimama mbele yake, na fedha ya chakula cha mchana mkononi. Mashine ile nayo ni mwalimu, tena haichoki. Hufundisha ya kwamba mali huja bila jasho, na ya kwamba aliyepoteza atafute nyingine arudie. Ikiwa sisi hatumfundishi mtoto, msidhani atabaki bila kufundishwa.

Wazee wetu walihesabu rupia moja kwa pesa 64. Tangu mwaka 1904 Wadachi wakaleta heller 100 kwa rupia, na mpaka leo twasema hela. Baada ya vita vikuu vya kwanza ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki na senti zenye tundu katikati, ambazo mtu aliweza kuzitunga kwenye uzi. Na mwaka 1966 tukapata shilingi ya nchi yetu wenyewe. Fedha hizo zote zilikuwa na uzito na mlio. Leo mtoto humwona mama akibonyeza simu, na unga ukaletwa. Hakuona kitu kilichotoka. Tena katika simu hiyo hiyo mkopo hupatikana kwa kubonyeza, na wengi wenu mwajua uchungu wa siku ya kulipa. Kwa hiyo ni lazima zaidi mtoto ashike sarafu, azisikie zikianguka katika kibubu, azione zikipungua. Na mnapolipa kwa simu, mwonyesheni: tulikuwa na kiasi hiki, sasa kimebaki hiki.

Neno letu la mwisho ni la sadaka. Desturi yetu ni kumpa mtoto sarafu mlangoni pa kanisa aitie katika kapu. Mtoto huyo hakutoa kitu; alichukua tu cha baba yake hatua kumi. Yule mjane wa Injili alitia sarafu mbili ndogo zilizokuwa zake, na Bwana alimwona. Mwacheni mtoto atoe katika kikopo chake mwenyewe, hata ikiwa ni shilingi 50, hata ikiwa jumapili nyingine hana kitu. Nanyi waalimu wa shule ya Jumapili, twawasihi, msisome hadharani majina ya watoto walioleta na wasioleta.

Basi, ndugu, turudipo nyumbani jioni hii, kila mmoja na ajiulize: Je, kuna fedha ya mtoto niliyosema nitaitunza, nami nikaila? Kama ipo, Yubile yetu na ianzie hapo. Arudishiwe mwenyewe, ahesabiwe mkononi mwake. Hatuwezi kupiga baragumu kanisani na huku tunadaiwa na watoto wetu wenyewe.

Mungu atujalie kuwa waaminifu katika lililo dogo. Amina.