Kambi ya bondeni

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba tuache kidogo bei ya sukari na foleni za mjini, twende Ngara.

Siku hizi sisi watu wa mijini tumezuka na mtindo. Familia inapakia hema, jiko, magodoro na watoto ndani ya gari, inakwenda kulala porini siku mbili tatu. Wenye nacho wana magari yenye vitanda na sinki ndani. Sisi wengine tunabuni. Mimi niliazima Hiace ya shemeji yangu, tukang'oa viti vya nyuma, tukatandika godoro, nikaiita nyumba. Wakati wa Pasaka, miaka michache iliyopita, nyumba hiyo ilitufikisha Mabawe, wilayani Ngara, mkoani Kagera.

Ngara ni nchi ya vilima. Mgeni akifungua macho ataona jambo moja mapema: nyumba ziko juu, ndani ya migomba, na bondeni kuna mashamba ya maharage na malisho. Mimi na diploma yangu ya uandishi wa habari nililiona hilo, wala sikujiuliza sababu. Nilikuwa natafuta maji. Picha zote za kambi nilizopata kuziona zina hema kando ya maji.

Nikapata kijito kinachoteremka kuelekea bonde la mto Ruvubu, ambao wengi huko huuita Ruvuvu. Pembeni pana kiwanja cha majani, tambarare kama meza. Hema la wanangu wawili wakubwa nikalisimika hatua kumi kutoka majini. Mama watoto, mtoto mdogo na mimi tungelala garini.

Bibi mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni akasimama kututazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmekimbia nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, na baadaye nilielewa. Ngara, neno kambi halina uhusiano na likizo. Mwaka 1994 nilikuwa bado shule ya msingi, lakini nakumbuka wazazi wetu walivyoizunguka redio. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja. Wakapelekwa Benaco. Hapo mahali palichaguliwa kwa haraka, na sababu kubwa ilikuwa ziwa dogo lililokuwapo: watu wale wangekunywa nini? Lakini maji hayohayo yanayowavuta watu ndiyo wanayoyachafua wakiyasogelea mno. Ikabidi ziwa lilindwe, maji yavutwe kwa pampu, yatibiwe, ndipo yagawiwe.

Miezi mitatu baadaye, Julai 1994, wakimbizi wengine walifika Goma, upande wa pili. Kule chini ni mwamba wa volkeno. Jembe halipenyi, choo hakichimbiki. Watu wakachota maji ya ziwa Kivu kama yalivyo, kipindupindu kikaingia, wakafa kwa makumi ya maelfu. Ardhi ile ilikuwa sehemu ya maafa yenyewe.

Baada ya hapo mashirika ya misaada yaliketi, na mwaka 1997 yakaanza kuandika viwango vijulikanavyo kwa jina la Sphere. Nimevisoma. Vimeandikwa kwa ajili ya watu waliopoteza kila kitu, naona haya kidogo kuvipeleka kwenye mapumziko, lakini tumbo la mtoto halijui kama baba yake ni mkimbizi au mtalii. Vinasema choo kisipungue mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini. Vinasema uwanja wa kambi uwe na mteremko mdogo, kati ya mita 1 na 5 kwa kila mita 100, ili maji ya mvua yaondoke bila kuikata ardhi. Mahali tambarare kabisa hapafai. Kiwanja changu, kile cha kama meza, kingefeli kwa kipengele hicho kimoja tu.

Jioni akaja mzee mmoja na ng'ombe wake. Baada ya salamu akaliangalia hema, akaangalia kijito. "Mwanangu," akasema, "hapo hata ng'ombe hatulazi."

Nilimshukuru kwa adabu, nikabaki palepale. Anga lilikuwa safi, nyota zimejaa, na ugali ulikuwa karibu kuiva. Nani angehama?

Sikujua kwamba mvua yako inaweza kunyesha kwa mwenzako. Usiku ule haikudondoka hata tone tulipokuwa. Ilinyesha juu, kwenye vilima kijito kinakoanzia. Kama saa nane za usiku mama watoto aliniamsha, akisema sauti ya maji imebadilika. Nilipowasha tochi, maji yalikuwa yameingia chini ya hema la watoto, nao wamelala. Tuliwabeba hadi juu, peku, katika giza. Hema likaenda. Hiace ilizama hadi ekseli, na asubuhi yule mzee alikuja na vijana sita kuisukuma. Hakuniambia neno lolote kuhusu jana yake. Laiti angenigombeza.

Kwa hiyo, msikilizaji unayepakia gari, kijana wa mlimani aliyejifunza kwa kulowa anakuomba mambo haya. Tazama takataka zilizonasa kwenye vichaka vya kando ya mto, majani makavu na vijiti: hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Lala juu ya alama hiyo, juu sana. Kanyaga ardhi kwa kisigino kabla hujaingiza gari. Kikizama, gari nalo litazama. Liegeshe likiangalia njia ya kutokea. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu kule, na shule huwa na likizo Juni, basi Pasaka tuwaachie wenye nyumba za matofali.

Ukishuka kuelekea Kagera au hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, hapo unalala pale unapoonyeshwa na askari wa hifadhi, basi. Lakini hata nje ya hifadhi, ukikuta karibu na mto majani mafupi mazuri kama yaliyofyekwa, usifurahi. Aliyeyafyeka ni kiboko, na usiku anarudi kula. Na nguo za buluu na nyeusi ziache nyumbani. Mbung'o huzipenda, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Chandarua sina haja ya kukitaja, ila nakitaja.

Jambo moja nawatupia wenye vijiji vya mabonde yale. Tengeni viwanja viwili vitatu mgongoni mwa kilima, choo kimoja, bomba moja, na bei iliyoandikwa ubaoni. Mgeni atalipa, na hatalala kwenye maharage ya mtu.

Sisi tulirudi Mabawe Juni iliyofuata. Safari hii nilianza kwa yule mzee. Alitupeleka juu, kwenye uwanja wa zamani wa kuanikia kahawa, akakataa pesa, akakubali sukari. Bibi wa kuni naye alipita, akatuuliza tena tumekimbia nini. Mwanangu mkubwa akamjibu, "Maji, bibi." Safari hii alicheka.

Wiki ijayo tunarudi kwenye bei ya sukari.