Makaburu wa Uasin Gishu

Wasikilizaji, msafiri apitaye leo katika nyanda za juu za Uasin Gishu huona mashamba ya ngano na mahindi yakienea mpaka upeo wa macho, na katikati yake Eldoret, uliotangazwa kuwa jiji mwaka 1924 + 100, yaani 2024. Ni wachache wakumbukao kwamba mji huo ulianza kama kituo cha watu wachache waliotoka mbali sana, nao ni Makaburu wa Afrika ya Kusini. Habari zao zafaa kusimuliwa, kwa kuwa zina funzo kwa kila mtu alimaye.

Vita kati ya Makaburu na Waingereza vilikwisha mwaka 1902. Mashamba mengi yalikuwa yamechomwa moto, na wanyama wamekwisha. Tena wako Makaburu waliochukiwa na ndugu zao kwa sababu ya kuwafuata Waingereza wakati wa vita. Watu wa namna hiyo walitamani nchi mpya. Wachache walitangulia kufika Uasin Gishu. Kisha mwaka 1908 Jan van Rensburg akaongoza kundi la watu zaidi ya 200, wanaume kwa wanawake na watoto, wakapanda meli mpaka Mombasa wakiwa na magari yao na farasi. Kutoka Mombasa walichukuliwa na gari la moshi hadi Nakuru. Huko wakanunua ng'ombe, wakawafundisha kuvuta, na mwezi wa Agosti wakaanza kupanda mlima.

Safari ile haikuwa nyepesi. Njia haikuwapo, ilibidi kukata miti na mianzi msituni, na mvua iligeuza ardhi kuwa matope yaliyomeza magurudumu. Mwendo ambao leo ni wa saa chache tu kwa motokaa uliwachukua zaidi ya miezi miwili. Walifika uwandani mwezi wa Oktoba.

Lakini isidhaniwe kwamba nchi ile haikuwa na mwenyewe. Jina lenyewe, Uasin Gishu, ni la ukoo wa Wamasai waliochunga huko zamani. Baada yao Wanandi walilisha ng'ombe wao katika majani yale. Wanandi walipigana na Waingereza miaka mingi, mpaka kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa mwaka 1905. Uwanda ulionekana mtupu kwa sababu wenye mifugo walikuwa wamesukumwa pembeni. Ndipo Serikali ikaugawanya kwa namba, ikawapa wageni.

Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba namba 64. Wenyeji walipolisikia jina la namba ile kwa Kiingereza, walilitamka kwa ulimi wao, wakapaita Sisibo. Mwaka 1912 mahali hapo pakaitwa rasmi Eldoret, lakini wazee wengi waliendelea kusema Sisibo.

Makaburu walikuwa wakulima hodari, ingawa wengi wao hawakuwa na mali. Walivunja ardhi kwa plau za kukokotwa na ng'ombe, wakapanda ngano, nayo ikapigwa na ugonjwa wa kutu. Walipanda mahindi, yakastawi, lakini soko lilikuwa mbali mpaka reli ilipofika Eldoret mwaka 1924. Walijenga kanisa lao na shule zao, wakaishika lugha yao kwa nguvu.

Nani basi alishika plau? Mara nyingi alikuwa Mwafrika. Jamaa nyingi zilikaa katika mashamba hayo kwa ruhusa ya kulima kipande na kuchunga ng'ombe wachache, na kwa ajili hiyo walimfanyia kazi mwenye shamba. Sheria ya mwaka 1918 ilidai siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Baadaye siku ziliongezwa, na mifugo yao ikapunguzwa. Mtoto aliyezaliwa shambani aliijua kila chemchemi na kila jiwe, lakini hakuwa na haki ya hata hatua moja ya ardhi ile.

Mwaka 1960 ulifanyika mkutano wa Lancaster House kule London, na ikawa dhahiri kwamba Kenya itatawaliwa na Waafrika. Hapo Makaburu walio wengi waliuza mashamba, wakapakia vyombo vyao, wakashika barabara ya kusini kupitia Tanganyika. Wazee waliokuja wakiwa watoto juu ya magari ya ng'ombe walirudi wakiwa juu ya malori. Ndiyo maana wahenga walisema: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Bendera ya Kenya ilipopandishwa tarehe 12 Desemba 1963, zilikuwa zimebaki jamaa chache tu, nazo zikaendelea kupungua.

Mashamba yalipita mikononi mwa Waafrika: mengine kwa mipango ya Serikali ya makazi, mengine kwa vyama na kampuni za watu waliochanga fedha zao kidogo kidogo. Si wote waliofanya kazi pale waliopata, na jambo hilo limeleta manung'uniko mpaka siku hizi. Kazi nyingine ya Makaburu ilibaki kwa namna wasiyoitazamia. Misheni ambayo kanisa lao liliianza kwa ajili ya Waafrika katika miaka ya 1940 ilizaa Reformed Church of East Africa, na waumini wake leo ni Waafrika.

Funzo ni nini? Makaburu hawakukosa bidii, wala hawakukosa ushujaa. Matope ya mwaka 1908 yanawashuhudia. Walichokosa ni ujirani. Waliishi miaka 50 na zaidi kando ya watu waliowalimia, wasiwakubali kuwa sawa nao. Basi siku sheria iliyowalinda ilipoondoka, hawakuona sababu ya kukaa. Ardhi hupokea mbegu ya kila mkono. Lakini mtu hudumu mahali kwa sababu ya watu wanaomwita jirani, wala si kwa hati peke yake. Yeyote aliye na shamba leo katika Uasin Gishu, na alitafakari neno hilo.