Kuziba Mashua Inayovuja Kidogo

Kalamu na madaftari yawe tayari, maana leo tutayahitaji. Nataka kuzungumza nanyi juu ya mashua inayovuja kidogo, na namna mwenyewe awezavyo kuiziba hapo hapo pwani kwake.

Mwenye mashua akikuta maji ndani asubuhi, huchukua upo akayafua, kisha akaenda zake kuvua. Kesho yake hufanya vivyo hivyo. Hajui kama maji yanazidi au hayazidi, kwa sababu hayapimi. Bahari ikitulia, hapana neno. Lakini kusi ikikaza, mawimbi huzitikisa mbao, na pale palipokuwa pakidondosha huanza kububujika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Baharini hapana ukuta wa kujenga. Kuna kuzama, na watu wamo ndani.

Basi kazi ya kwanza ni ya daftari. Kila asubuhi andika tarehe, na idadi ya ndoo ulizofua. Ikiwa Jumatatu ni ndoo 1, na Ijumaa ni ndoo 3, mashua imekwisha kukwambia. Usingoje kusi.

Kazi ya pili ni kuipandisha mashua. Ngoja bamvua, ambayo huja mwezi uandamapo na tena mwezi ukiwa mpevu, yaani kila siku 14 au 15 hivi. Maji yakijaa, ivute juu kabisa, uitie gadi pande zote mbili isilale. Tangu kujaa mpaka kupwa ni muda wa saa 6 hivi, na kurudi ni saa 6 nyingine. Kwa hiyo pamba, mafuta na vyombo vya kazi viwe tayari tangu jana.

Kazi ya tatu ni kutafuta mahali panapovuja. Macho peke yake hayatoshi. Tia ndoo chache za maji ndani ya mashua, kisha zunguka nje utazame. Panapochuruzika, tia alama. Maji hayo yafue, upepo upakaushe. Sasa chukua kisu, uchome ubao kando ya alama. Kisu kikigota, ubao ni mzima. Kikizama kama katika muhogo uliopikwa, ubao umeoza. Hapo pamba haifai kitu. Mwite fundi aubadili. Kupaka rangi juu ya ubao uliooza ni kuficha ugonjwa, si kuuponya.

Ubao ukiwa mzima, kokoa pamba ya zamani yote. Sokota pamba mpya iwe kama uzi mnene, ichovye katika mafuta ya nazi au sifa, uishindilie kwa chembeu na nyundo. Hiyo ndiyo kalafati. Lakini usiikaze kupita kiasi. Mti ukinywa maji huvimba. Pamba ikijaa mno, ubao hauna nafasi; utasukumana na mwenziwe, na misumari italegea. Ukiona msumari unacheza, ung'oe, utie mwingine mnene kidogo, nao uuzungushie pamba yenye mafuta chini ya kichwa chake.

Mwisho, changanya chokaa na shahamu, ukande mpaka iwe deheni laini. Paka kwa mkono sehemu yote ikaayo majini.

Mashua ikirudi majini huweza kuvuja kidogo siku ya kwanza, mpaka mbao zivimbe. Siku hiyo usipakie watu. Endelea kuandika ndoo zako. Hesabu ikishuka, kazi imefaa. Isiposhuka, liko tundu jingine. Litafute bamvua ijayo, na mpaka hapo usiende mbali na pwani.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya: bamvua, gadi, chembeu, kalafati, deheni. Kila mwanafunzi aandike sentensi moja kwa kila neno. Kisha jibuni maswali haya:

1. Kwa nini pamba isishindiliwe kupita kiasi?
2. Utajuaje kwamba ubao umeoza?
3. Juma ameandika ndoo 2 Jumatatu, 2 Jumanne, na 4 Jumatano. Mngemshauri afanye nini Alhamisi?

Haya, kwaherini, mpaka somo lijalo.