DAWA YA MOTO NI MOTO: TULINDE MUHOGO, MAHINDI NA KARANGA ZETU

Mazungumzo na vikundi vya wakulima wa Shinyanga na Geita



Awali ya yote tunalo la kuungama. Tuliwahi kugawa pingili za muhogo bila kuzikagua. Majani yalikuwa mazuri, nasi tukafurahi. Wakati wa kuvuna, mama mmoja alikata muhogo mbele yetu. Ndani ulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu. Hakutulaumu. Aliuliza tu, "Sasa watoto watakula nini, na baba yao yuko shimoni hajapata kitu?"

Ugonjwa ule ni michirizi ya kahawia. Wataalamu wa Amani, Tanga, waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Unaletwa na virusi. Nzi weupe huvieneza shamba kwa shamba, lakini safari ndefu tunavipeleka sisi wenyewe, tunapopeana pingili kwa ujirani mwema.

Wengi mmetuuliza habari za kuhariri vinasaba. Virusi haviwezi kuzaliana bila kutumia protini za mmea. Wanasayansi hukata mahali padogo katika vinasaba vya muhogo wenyewe, ili virusi vikose pa kushika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 na watafiti wa Marekani yalionyesha kuwa dalili zilipungua, ila virusi havikwisha. Hapa kwetu, Januari 2021 Serikali ilitangaza kusitisha majaribio ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Hivyo basi, atakayekuja kuwauzia "muhogo wa maabara" msimpe fedha yenu.

Lakini iko teknolojia nyingine ambayo imekwisha kufika nchini, nayo inatumia kuvu kupambana na kuvu. Mahindi na karanga hushikwa na kuvu wanaotoa sumukuvu. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 wakafariki. Kenya, mwaka 2004, waliugua 317 na kufariki 125. Kupika hakuiondoi. Karanga mbovu ukimpa kuku umemdhuru kuku, na mahindi mabovu ukiyapikia pombe umemdhuru jirani.

Aflasafe, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018, ni punje za mtama zilizokaangwa zisiote, kisha zikapakwa kuvu wa jamii ileile wasio na uwezo wa kutoa sumu. Humwagwa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla ya maua, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu wema hutangulia kukalia nafasi, na wale wenye sumu hukosa makao. Punje hizo haziliwi. Wala hazitibu michirizi ya kahawia, kwa kuwa ule ni ugonjwa wa virusi.

Tunawaomba mfanye haya:

1. Chukueni pingili TARI Ukiriguru au kwa wazalishaji waliokaguliwa na TOSCI. Mkikosa, kateni kwanza mizizi ya shina mama muione. Yenye mabaka, shina lake lisipandwe.

2. Ng'oeni mapema mimea yenye dalili.

3. Anikeni mahindi na karanga juu ya turubai, si ardhini. Tieni punje za mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, mtikise. Chumvi ikiganda kwenye chupa, bado hayajakauka.

4. Wanakikundi mnunue Aflasafe kwa pamoja, mkimshirikisha bwana shamba.

Nasi tunaahidi mbele yenu: hatutagawa tena pingili ambazo hazijakaguliwa, hata kama msimu unatukimbia. Yule mama atakuwa wa kwanza kupewa zilizo safi, na siku ya kuvuna tutakwenda kukata muhogo pamoja naye.