Mchuzi wa Mkate kwa Kuku wa Krismasi

Mazungumzo na wakaazi wa Wadi ya Ekerenyo kuhusu mapishi ya sikukuu



Wiki ya Krismasi, nyumba iliyokuwa na watu wanne mwaka mzima hujikuta na watu kumi na tano. Watoto wamefika kutoka Nairobi, shemeji ametoka Kericho, na nyanya ameletwa kutoka ng'ambo ya kilima. Kuku ni mmoja, pengine wawili. Akipikwa kwa mchuzi wa nyanya hakuna shida, kwa sababu mchuzi humfikia kila mtu. Lakini siku hizi vijana wanataka kuku wa kuokwa mzima, na hapo ndipo kazi huanza. Paja hubaki laini, kifua hukauka, na aliyepewa kifua huishia kuomba chai ya kuteremshia.

Waingereza nao wana kifua kikavu mezani kila Krismasi, kuku au bata mzinga. Dawa yao ya miaka mingi ni mchuzi mweupe wa maziwa na mkate. Ni upishi wa kale sana. Wapishi wa Mfalme Richard II, ambao mapishi yao yaliandikwa mnamo mwaka wa 1390, walikuwa tayari wakitumia mkate kufanya mchuzi uwe mzito. Michuzi mingi ya aina hiyo imesahaulika Uingereza, lakini huu umebaki kwa sababu ya sikukuu.

Anayeuona mara ya kwanza hudhani ni uji wa mtoto. Akionja hubadili mawazo, kwa sababu ya karafuu. Karafuu hizo zinajulikana Afrika Mashariki kuliko zinavyojulikana London: mikarafuu ilipandwa kwa wingi Unguja na Pemba katika karne ya 19, wakati wa Sayyid Said, na mpaka leo Pemba ndiyo yenye mikarafuu mingi. Katika maduka ya Ekerenyo karafuu hununuliwa kwa ajili ya pilau na chai, kwa hivyo hakuna kitu kigeni cha kutafutwa mjini. Maziwa yako nyuma ya nyumba. Mkate ni ule uliobaki.

Kwa watu sita hadi wanane, mpishi huhitaji nusu lita ya maziwa, kitunguu kimoja cha wastani, karafuu sita hadi nane, punje chache za pilipili manga, robo ya mkate wa gramu 400 bila ngozi yake ya nje, na kijiko kikubwa cha siagi. Kitunguu humenywa, hukatwa nusu, na karafuu huchomekwa ndani yake kama misumari ili zisipotee katika maziwa. Mtu akitafuna karafuu nzima mezani, mchuzi huo hautapendwa tena katika nyumba hiyo.

Maziwa huchemshwa kwanza mpaka yafure, pamoja na kitunguu na pilipili. Kisha sufuria huepuliwa, hufunikwa, na huachwa nusu saa. Harufu ya karafuu hushikwa na mafuta ya maziwa, ndiyo maana maziwa yaliyoongezwa maji hayatoi mchuzi wa maana. Kwa anayepikia kuni, kifuniko ni cha lazima tangu mwanzo. Maziwa hunywa moshi haraka, na mchuzi wenye harufu ya jiko la kuni haufichiki.

Mkate hukwaruzwa kwa kikwaruzo cha karoti, au hufikichwa kwa mikono. Unaofaa ni wa jana au juzi. Mkate mpya hushikana na kuwa donge, lakini uliokauka hunyonya maziwa polepole na kuyeyuka. Tena, wanga wa mkate umeshaiva katika oveni ya mwokaji, kwa hivyo mchuzi huu hauna ile ladha ya unga mbichi inayopatikana mpishi asipokaanga unga vizuri. Kitunguu na pilipili zikishatolewa, maziwa hurudishwa motoni, mkate hutiwa, na mwiko huzungushwa kwa dakika tano juu ya moto mdogo. Siagi hutiwa mwisho. Ukiwa mzito kupita kiasi huongezwa maziwa moto.

Chumvi huja baada ya kuonja, kwa sababu mkate wa dukani tayari una chumvi. Na hapa kuna jambo zito kuliko ladha. Nyumba nyingi zimezoea kubomolea vipande viwili vitatu vya kiungo cha dukani katika kila mchuzi, na sehemu kubwa ya vipande hivyo ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya mkate na vyakula vingine. Wazee wanaomeza dawa za shinikizo la damu hukaa meza moja na wengine siku hiyo, na hula sufuria ile ile. Karafuu na kitunguu hutosha. Kiungo cha dukani hakina kazi hapa.

Maziwa ya ng'ombe wa nyumbani ni mazuri, ila yasipochemshwa yanaweza kubeba ugonjwa wa brusela, unaoleta homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo kwa wiki nyingi. Wengi hudhani ni malaria na kununua dawa zisizosaidia. Wengine husema maziwa yakichemshwa yanaharibika utamu. Katika mchuzi huu hoja hiyo haipo, kwani bila kuchemka haupikiki.

Mkate mkavu si sawa na mkate wenye kuvu. Mkate mkavu ni chakula. Wenye madoa ya kijani, meusi au meupe kama pamba ni wa kutupwa wote, si kukata kipande kilichooza na kutumia kilichobaki, kwa sababu nyuzi za kuvu hupenya ndani mahali jicho halioni. Zipo aina za kuvu ambazo sumu yake haiishi kwa kupikwa. Kenya ilijifunza hilo kwa uchungu mwaka wa 2004, mahindi yenye sumukuvu ya aflatoksini yalipoua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Watu hao walikuwa wamepika chakula chao vizuri.

Kuku mwenyewe, kwa nyumba isiyo na oveni, huokwa kwenye sufuria nzito: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Kuku wa kienyeji mzee hutangulizwa kuchemshwa mpaka alegee, ndipo aokwe apate rangi. Kipimo ni paja. Likichomwa kisu karibu na mfupa, maji yanayotoka yawe meupe. Yakiwa na wekundu, kuku hurudi motoni hata kama wageni wameshanawa mikono. Kisu na ubao wa nyama mbichi havikati mkate wala kitunguu kabla ya kuoshwa kwa maji moto na sabuni.

Kinachosumbua zaidi ni saa za baada ya kula. Misa au ibada imechelewa, kundi la kwanza limekula saa saba, kundi la pili linafika saa kumi na moja, na sufuria imekaa tu mezani ikiwa vuguvugu. Maziwa, mkate na uvuguvugu ni malisho ya vijidudu. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje zaidi ya saa mbili, na baridi ya Ekerenyo ya jioni si friji, hata kama mtu amevaa sweta mbili. Baadhi ya vijidudu huacha sumu ambayo haiondoki chakula kikichemshwa tena. Kwa hivyo afadhali maziwa yenye karafuu yagawanywe mara mbili: nusu itiwe mkate kwa kundi la kwanza, na nusu ichemshwe tena na kutiwa mkate wakati kundi la pili linaposikika langoni. Nusu hiyo ikingoja, ikae katika chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka, imiminiwe humo ikiwa bado inachemka.

Mchuzi ukibaki na nyumba ina friji, huingizwa ndani mapema na huliwa kesho yake, ukichemshwa mpaka utoe mapovu na kuongezwa maziwa kidogo kwa sababu hulala ukawa mgumu. Nyumba isiyo na friji hupika wa kutosha siku ile tu. Ngozi za mkate zilizokatwa hukaushwa juu ya jiko na kuliwa na chai. Watoto kwa kawaida huzimaliza kabla kuku hajaiva.