Alama za Mtihani na Swali la Mwanafunzi



Nimetakiwa kusema habari za elimu, nami nimechagua jambo moja tu: jinsi mtihani unavyomfunga mtoto mdomo.

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba wa kidato cha tatu alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenziwe. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyaweka katika jokofu. Siku hiyo nafasi ilikuwa haba. Mpemba akaogopa kuikosa, akayaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yangali mazito kama uji. Alipomwuliza mwalimu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, haliwezekani jambo hilo.

Sasa tufikiri. Kama swali hilo lingalitolewa katika mtihani, naye akaandika aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe, angalikosa alama. Aliyekariri, asiyepata kufungua jokofu maishani mwake, angalizipata zote.

Mpemba hakuacha. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dr. Denis Osborne, aliyetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuja kuhutubu. Wanafunzi wakamcheka. (Nadhani hata sisi tungalicheka.) Osborne alirudi akajaribu, na mwaka 1969 wakatoa makala pamoja. Hata leo wataalamu wabishana juu ya jambo hilo, nalo huitwa kwa jina la Mpemba, ambaye baadaye alikuwa mtumishi wa serikali kama sisi, katika mambo ya wanyama wa pori.

Simlaumu mwalimu peke yake, maana naye hupimwa kwa hesabu ya waliofaulu. Wala sisemi mtihani uondolewe: mtoto wa maskini asiye na mjomba ofisini hana mlango mwingine, na wengi wetu tuliingia kwa mlango huo. Lakini mtoto arudipo jioni, sisi wazazi twamwuliza nini? "Umekuwa wa ngapi?" Basi.

Natoa shauri. Kila mwanachama mwenye mtoto shuleni amwulize mwalimu mkuu, kwa adabu, watoto huingia maabara mara ngapi kwa muhula, na ni nani afanyaye majaribio, wao au mwalimu huku wao wakinakili. Majibu apewe Katibu kabla ya mkutano ujao.